Buli Jekundu la Shauri Moyo

Stoke-on-Trent,
8 Septemba 2024

Mdogo wangu Lela,

Assalaam aleikum. Natumai hamjambo, wewe na Mama, ingawa wewe ukiulizwa utasema hujambo hata ukiwa umeanguka. Nakuandikia barua pepe kama tulivyokubaliana, kwa sababu simu zetu hazina maana. Chumba ni kimoja, na tangu macho ya Mama yapofuke, masikio yake yanasikia hadi ya jirani. Kwa simu tunapeana salamu tu kama wageni msibani.

Nimechoka, Lela. Nalisema mapema nisije nikalisahau. Huyu bibi ninayemtunza, Bi Enid, ni mwepesi kama kuku, lakini kumgeuza kitandani kunanivunja mgongo. Namwogesha, namvisha, namlisha, kisha nakaa nikijua kwamba saa hiyo hiyo wewe unamwogesha Mama. Mimi kwangu ni kazi, mwisho wa mwezi nalipwa. Wewe hulipwi na mtu. Usidhani hilo silijui.

Sasa sikiliza. Bi Enid ana kabati la vioo sebuleni ambalo hakuna mtu anayeruhusiwa kuligusa. Juzi kanituma nipanguse vumbi ndani. Mna mabuli ya udongo mwekundu, madogo madogo, udongo mtupu usiopakwa kitu. Nikanyanyua moja, nikalisogeza dirishani. Ni buli la Mama! Tawi lile lile la maua limebandikwa ubavuni, mkono umefinyangwa kama kitawi cha mti kilichokatwa vichipukizi, na chini ya kitako upo ule mhuri wa mraba wa Kichina.

Bi Enid anasema yalifinyangwa hapa hapa Staffordshire, jimbo letu hili la Uingereza, zaidi ya miaka mia mbili iliyopita. Mabingwa walikuwa Wachina. Mabuli yao mekundu yalikuja kwa meli pamoja na majani ya chai, na wafinyanzi wa huku wakaona bora waige. Ua hukandamizwa kwanza ndani ya kibao kilichochongwa, likabanduliwa, likabandikwa kwenye buli bado bichi kwa udongo wa majimaji, moja moja, kwa ncha ya kidole. Na ule mhuri, Lela, si Kichina! Ni mistari tu, iliwekwa ili mnunuzi adhani kitu kimetoka mbali. Babu yetu alikuwa akituonyesha kwa heshima yote, "mhuri wa mfalme wa China", kumbe ni ujanja wa biashara. Hata udogo wake una sababu: majani ya chai yalikuwa ghali, mama mwenye nyumba akiyafungia kwa ufunguo.

Nikamwambia Bi Enid kwamba nyumbani tunalo, kwamba babu alikuwa mpishi wa Wazungu pale Parklands, Nairobi, na walipofunga safari ya kurudi kwao wakamwachia. Akanitazama kwa mara ya kwanza kama mtu mwenye kwao. Anataka kuliona. Nipigie picha, tafadhali, ubavu kwa ubavu, na kitako.

Nisalimie Mama. Mwambie nakula vizuri.

Dada yako,
Hikma


Shauri Moyo,
14 Septemba 2024

Dada Hikma,

Waaleikum salaam. Barua yako nimeisomea kwenye foleni ya maji, mtungi mbele na mtungi nyuma. Bomba limekauka tangu Jumatano na ofisi ya maji wanasema watatuma watu.

Picha hizo hapo. Buli lilikuwa na hali mbaya, jeusi kwa chai na moshi. Nikasema siwezi kuwaonyesha Wazungu chombo cha aibu, wataona hatujui kutunza. Nililisafisha leo baada ya chai yake, Mama akiwa amelala, maana unamjua: buli lake ni maji matupu tu, sabuni isilikaribie, ndivyo babake alivyoagiza. Sasa linawaka hata unaweza kujitazama. Mwonyeshe bibi yako.

Ulitaka habari za Mama. Ni zile zile. Asubuhi namwogesha, namsuka, namtoa nje kwenye jua. Akirudi ndani ananiuliza nimempeleka wapi mtandio ambao ameuvaa. Kazi za cherehani nazifanya akilala, na akilala ni kama kuku, dakika mbili ameamka. Furaha yake ni moja tu, ile strungi ya tangawizi, chai isiyo na maziwa, baada ya Alasiri. Analipakata buli kwa mikono miwili, anayapapasa maua moja moja, ndipo anamimina. Wakati huo hataki kusemeshwa.

Mujahid, yule mshona viatu wa Kariokor, alipita kutujulia hali. Alikaa mlangoni kidogo akaenda zake.

Mimi sijambo. Ndiyo, nimeanguka, lakini sijambo.

Mdogo wako,
Lela


Shauri Moyo,
19 Septemba 2024

Dada Hikma,

Sijui nianzie wapi, acha nianzie kwenye chai.

Jumapili baada ya Alasiri nilimpa Mama buli lake kama kawaida. Akamimina, akanywa funda moja, akatema kwenye mkeka. "Chai hii inanuka chumba cha mgeni siku ya Idi," akasema. Kisha akalishika buli, akalipapasa juu, chini, pembeni, kwa muda mrefu. Nikaona uso wake unabadilika.

"Lela. Hili si buli langu."

"Ni lile lile, Mama. Nimelisafisha tu."

"Langu lina maua yanayokwaruza kidole. Hili linateleza. Langu limekwenda wapi?"

"Mama, hakuna lingine."

"Umeliuza," akasema. Hakupaza sauti. "Umeuza kitu cha baba yangu ukaniletea kopo la sokoni."

Hikma, tangu saa ile hajala mkononi mwangu. Namwekea chakula anageuza uso ukutani. Nikitaka kumwogesha anashika kanga yake kifuani kama vile ni mwanamume aliyeingia. Nabiswa wa mlango wa pili alikuja kumbembeleza na Mama akamwambia wazi, mbele yangu, "Mwanangu ameniibia."

Jana akaja Zubeiri kutoka kazini, kule viwandani Baba Dogo, na ovaroli lake. Nilidhani ndugu yetu atanitetea. Akakaa kwenye stuli, akajikuna kichwa, akasema, "Sister, kama uliuza sema tu, si tutaelewana? Life ni ngumu, najua. Lakini mathe hawezi kukaa hapa bila kula hivi." Nikamwambia sikuuza kitu. Akasema, "Sawa, basi." Ile sawa ya mtu asiyeamini. Kisha Mama akasema anataka kwenda kukaa Huruma, nyumbani kwa Zubeiri, naye akamfungia nguo zake. Mama amepita mlangoni, mkono kwenye bega la Zubeiri, hakuniaga.

Nimebaki na chumba chote. Miaka yote hii nilikuwa nikisema laiti ningekuwa na chumba peke yangu.

Zungumza naye, Hikma. Wewe atakusikiliza. Sitaki kitu kingine, nataka tu Mama ajue sikumwibia.

Lela


Stoke-on-Trent,
22 Septemba 2024

Lela,

Nimeisoma barua yako mara nyingi na nimechelewa kujibu kwa sababu sikutaka kuandika haya.

Nilimwonyesha Bi Enid picha siku ile ile zilipofika. Alivaa miwani, akavua, akavaa tena. Akasema kwa upole kwamba yale ya zamani hayang'ai, udongo wake ni mkavu na mkali, maua yamesimama kiasi cha kushika ukucha. Hilo kwenye picha, akasema, limepakwa kitu cha kung'arisha, maua yamezama, huenda ni la kiwandani la juzi juzi. Sikukuambia kwa kuwa nilidhani ni picha mbaya tu. Sasa Mama naye, asiyeona picha wala kumjua Bi Enid, anasema neno lile lile. Watu wawili, Lela, mmoja kwa macho na mwingine kwa mkono.

Mdogo wangu, mimi si hakimu. Najua unavyoishi. Najua kodi ya nyumba, najua bei ya dawa za sukari za Mama, najua kuna miezi ambayo sikutuma kitu nikakuambia benki zina matatizo. Kama ulibanwa ukaliuza, niambie mimi, mimi peke yangu, na nitatafuta namna ya kuzungumza na Mama. Lakini usimwambie mzee kipofu kwamba mkono wake unamdanganya. Hiyo ni mbaya kuliko kuuza.

Samahani kama nimekuumiza.

Hikma


Shauri Moyo,
24 Septemba 2024

Hikma,

Leo sina salamu.

Nililipiga polishi. Polishi ya sakafu, ile nyekundu ya kopo. Haya, sasa unajua, kamwambie na Mzungu wako.

Uliniambia mgeni anataka kuona buli. Mgeni akija kwetu tunafanya nini? Tunapiga sakafu polishi. Wewe ndiye uliyenifundisha, ukipiga magoti na kile kipande cha blanketi, ukisema sugua mpaka mgeni ajione. Nikalitazama buli, nikaitazama sakafu, rangi ni moja. Nikachovya kitambaa. Likawaka! Nilifurahi, Hikma. Wiki ile lilikuwa jambo pekee zuri nililofanya kwa mikono yangu, na nilisema moyoni, dada yangu ataona fahari huko aliko.

Mama alipotema ile chai nilijua papo hapo. Nikalimiminia maji ya moto, mafuta mekundu yakaelea juu. Mengine yamejaa kwenye mishipa ya maua na hayatoki, nimejaribu mpaka kwa mswaki. Niliogopa kumwambia. Mtu aliyekatazwa sabuni atasemaje kwamba amepaka polishi? Nilitaka kwanza nilitakase, ndipo nimweleze. Wewe nilikuonea haya tu. Nimeitwa mwizi kabla sijapata nafasi ya kuitwa mjinga.

Na wewe. Umekaa na mimi kitanda kimoja mpaka ukubwani. Umeniona nikirudisha chenji ya mwenye duka mbio mvuani. Lakini Mzungu kavaa miwani mara mbili, basi Lela ni mwizi. Tena unanitaka nikiri kwako peke yako, kwa siri, kama mtu mwenye ugonjwa mbaya. Umenisamehe jambo ambalo sikulifanya, na huo msamaha wako ndio ulionikata zaidi ya maneno ya Mama. Mama ana haki, haoni.

Mambo ya benki nilijua tangu zamani. Sikukuuliza.

Usiniandikie.

Lela


Stoke-on-Trent,
29 Septemba 2024

Lela mdogo wangu,

Umesema nisikuandikie. Nakuandikia.

Nianze na langu. Nilikukosea. Niliamini watu wawili na wewe ulikuwa wa tatu, na ungepaswa kuwa wa kwanza. Sina cha kujitetea. Nilikuwa nimechoka na nikataka jambo liwe rahisi, na kukuona wewe mkosa ndiyo ilikuwa njia rahisi. Nisamehe ukipata nafasi.

Bi Enid nilimwambia habari ya polishi. Alicheka mpaka akakohoa, nikalazimika kumkalisha. Halafu akasema macho yake hayakukosea, kweli buli limepakwa, ila hakuwaza sakafu. Anasema udongo ule ulichomwa mpaka ukawa mgumu kama jiwe, haunywi mafuta. Liloweke kwenye maji ya vuguvugu, brashi laini, kidogo kidogo, litarudi. Usitumie mafuta ya taa.

Lakini hilo si la haraka. La haraka ni hili.

Ijumaa nilimpigia Mama kwa simu ya mke wa Zubeiri. Nikamwambia, "Mama, Lela hakuuza. Buli ni lile lile, alilipiga polishi ya sakafu."

"Najua," akasema.

"Nani amekuambia?"

"Nani wa kuniambia? Buli la baba yangu nimelishika tangu sijajua kufunga leso. Hata mkilipaka lami nitalijua. Na polishi nimeipiga sakafu za Shauri Moyo kabla hamjazaliwa, nisiijue harufu yake?"

Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za Bi Enid. Nikamuuliza sasa mbona amekuita mwizi.

"Yule kijana wa viatu alikuja," akasema. "Walidhani nimelala. Akamwambia, 'Lela, nimekuposa mara ngapi sasa?' Lela akamjibu, 'Kwako ni chumba kimoja na una watoto wa marehemu mkeo. Mama nitamwachia nani?' Kijana akauliza basi asubiri mpaka lini. Na mdogo wako akasema, 'Mpaka Mungu amchukue. Usiniulize tena.' Hikma, mtoto wangu anakaa akingoja nife, na yeye mwenyewe hajui kama anangoja."

Nikamwambia, "Ungemwambia tu aolewe, Mama."

"Nimemwambia mara ngapi? Lela haondoki kwa kuambiwa. Akiambiwa ondoka anakaza kukaa. Lela huondoka kwa hasira, tangu mdogo. Lilipokuja jambo la buli nikaona huo ndio mlango. Akinikasirikia sana ataolewa, na mimi hapa kwa Zubeiri ninalala, ninakula."

"Na jina lake, Mama? Mtaa mzima umesikia."

Akapumua. "Hilo linaniuma kila usiku. Lakini jina la mtu linarudi. Umri haurudi. Wewe nyamaza, usimwambie."

Nimekaa na siri hii siku mbili na siiwezi. Nimebeba ya kutosha, Lela. Mama atanikasirikia na itabidi iwe hivyo. Wewe uliomba jambo moja tu, Mama ajue hukumwibia. Alijua tangu funda la kwanza.

Kwa nini hukuniambia kuhusu Mujahid? Nilikuwa nakuandikia habari za vikombe vya Wazungu, na wewe unakataa posa peke yako mlangoni.

Dada yako,
Hikma


Shauri Moyo,
6 Oktoba 2024

Dada Hikma,

Nimekusamehe. Si yote, lakini nimeanza.

Jana baada ya Adhuhuri nilikwenda Huruma. Nyumba ya Zubeiri iko juu kabisa, ngazi hazina mwanga, watoto wa watu wamekaa kila kona. Nilipanda na hasira yangu yote. Ghorofa ya tatu nikasimama nipumzike, hasira nayo ikapumzika, ikabidi niikusanye upya. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu Shauri Moyo.

Nikabisha hodi. Mama akauliza kutoka ndani, "Nani?"

"Mwizi," nikasema.

Akasema, "Mwizi wa wapi huyo abishaye hodi? Ingia."

Alikuwa peke yake na wajukuu, mke wa Zubeiri amekwenda sokoni. Sikukaa. Nikamwambia kila kitu nikiwa nimesimama, sauti juu, mpaka wale watoto wakakimbilia jikoni. Nikamwambia sasa wanawake kwenye foleni ya maji wanasogeza mikoba yao nikipita. Nikamwambia angeniua kwa njia nyingine, si hii. Hakujitetea. Alikuwa ameketi kitandani, mikono magotini, akinielekezea uso pale nilipokuwa, na nikihama anauhamisha.

Nilipoishiwa akasema, "Hikma mdomo wake hauna mlango."

"Mama!"

"Ningekuambia nenda, ungekwenda?"

"Nisingekwenda."

"Basi."

"Basi nini? Ungeniuliza ninachotaka. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Mujahid ananiposa, wewe unanifukuza, Hikma ananisamehe, Zubeiri anabeba mizigo. Nani ameniuliza?"

Machozi yakamtoka. Sijamwona Mama akilia tangu Babu azikwe. Akasema, "Haya, nakuuliza. Unamtaka yule kijana?"

Nilitafuta jibu, Hikma, kama mtu anayepekua mfuko. Nikamwambia, "Sijui, Mama. Nikikaa nifikirie nasinzia. Nataka kulala. Hicho tu. Nataka kulala."

Akasogea ukutani, akapiga godoro kwa kiganja. "Njoo."

Nililala na viatu. Nakumbuka watoto wakirudi kutoka jikoni na Mama akiwanyamazisha, kisha sikumbuki kitu.

Nilipoamka mwadhini alikuwa akiita Magharibi. Kabla sijasahau nikuambie tuliyoyaamua, maana utauliza. Mama anabaki Huruma, na safari hii ni kwa maneno yake na yangu. Leo asubuhi Zubeiri alipita kwa Nabiswa na kwenye foleni ya maji akiwaambia watu ukweli, kwa sauti, na akaniomba radhi mbele yao. Mujahid nimemwambia nitampa jibu nikiisha kupumzika, na hakuniuliza ni lini.

Basi niliamka, nikakuta kichwa changu kiko mapajani mwa Mama, na yeye ameketi vile vile wima, ukuta uko ubavuni mwake, mgongo hauna kitu cha kuegemea, mguu umekufa ganzi hata hawezi kuusogeza. Nikashtuka, nikamwambia, "Mama, Alasiri imekupita!" Akasema haikumpita, alitayamamu kwa vumbi la ukuta badala ya kutawadha kwa maji, akaisali hapo hapo, kwa kichwa tu, kwa sababu kama angeinuka ningeamka.

Mdogo wako,
Lela